Inzi weupe kwenye muhogo: bomba naliacha kwenye pamba, nahangaika na pingili

Nalima pamba na muhogo Sengerema, mkoani Mwanza. Swali ninaloulizwa kila msimu ni hili: bomba unalo, dawa ya pamba unayo, inzi weupe wamejaa kwenye muhogo wako, mbona hupulizii?

Tuanze na mdudu mwenyewe. Ni mdogo, milimita moja hivi. Ukitaka kumwona vizuri, nenda shambani alfajiri kabla jua halijapanda na kumpa nguvu ya kuruka, ugeuze taratibu majani ya juu kabisa, yale bado laini. Utawakuta chini ya jani wamejazana, mabawa kama yamepakwa unga. Shuka majani kadhaa utakuta watoto wao, vigamba vidogo visivyotembea, vimebandikwa kwenye jani vinafyonza. Wakizidi, majani ya chini hunata kwa utamu wanaoutoa, kisha ukungu mweusi huota juu yake mpaka yanakuwa na masizi. Kwenye pamba utamu huo hudondokea nyuzi, na pamba inayonata haina raha kiwandani.

Lakini kwenye muhogo hasara kubwa haiji kwa kufyonzwa, inaletwa na virusi ambavyo inzi hawa wanavieneza, vya magonjwa mawili: batobato na michirizi ya kahawia. Batobato huonekana hata ukiwa barabarani: majani machanga yamejikunja na kuwa na mabaka ya njano. Michirizi ya kahawia ndiyo mbaya zaidi kwangu, maana hujificha. Juu mmea kijani, umenawiri, unamwambia mgeni kwamba mwaka huu tutavuna. Ukiinama ukatazama majani ya chini, yaliyokomaa, ndipo unaona njano ikifuata mishipa ya jani. Unakuja kuchimba, muhogo mnene wa kupendeza, ukiukata ndani una madoa ya kahawia, makavu, magumu kama gome. Mnunuzi hana haja ya kukata vipande viwili. Kimoja kinatosha, anapanda baiskeli yake anaondoka.

Haya si magonjwa mapya. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza hapa hapa kwetu mwaka 1894, enzi za Wajerumani, na michirizi ilielezwa na watafiti wa Amani, Usambara, mwaka 1936. Muda mrefu michirizi tuliihesabu kuwa shida ya watu wa pwani. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulipigwa kwanza na batobato kali iliyotoka Uganda ikaingia Kagera mwishoni mwa miaka ya 1990, na michirizi ikafuata baadaye.

Jambo lililoniamulia wapi niweke nguvu ni hili: kirusi cha michirizi hakikai ndani ya inzi mweupe zaidi ya siku moja mbili. Cha batobato hukaa siku kadhaa, lakini mdudu huyu bado si wa safari ndefu. Basi ugonjwa unavukaje kutoka wilaya hadi wilaya? Unabebwa na sisi, umefungwa kamba nyuma ya baiskeli ndani ya mzigo wa pingili, vile vipande vya shina tunavyopandia. Muhogo nao hukaa shambani mwaka mzima na zaidi, na inzi wanaingia kila wiki kutoka kwa jirani. Ukipulizia leo, wa kesho wanafika, wakati wadudu kama bibi-kobe na vinyigu wadogo, wanaowala watoto wa inzi hao, umeshawaua. Kwa bei ya dawa ya sasa, hapana.

Kwa hiyo nilianza na mbegu. Nilikwenda kwa mzalishaji ambaye shamba lake hukaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, nikaomba kuingia shambani kabla majani ya chini hayajapukutika, kwa sababu yakishadondoka ushahidi umeondoka nayo. Nilichukua Mkumba, aina yenye ukinzani, ya kutosha nusu eka tu. Kwa nafasi ya mita moja kwa moja, eka inakula miche kama 4,000, na mche mmoja uliokomaa unatoa pingili kumi hivi, kwa hiyo nusu eka safi mwakani inakupa mbegu ya eka tano. Hakuna sababu ya kukopa ili upande nyingi mwaka wa kwanza.

Kitalu nikakiweka mbali na muhogo wa zamani, kati ya mahindi na pamba. Tatizo likabaki kwa mzee wa jirani, muhogo wake ulikuwa na batobato waziwazi.

“Shikamoo babu.”

“Marahaba mjukuu wangu. Najua umefuata muhogo wangu.”

Nikamweleza. Akasikiliza, kisha akasema, “Huo wenu wa utafiti unazaa, lakini huu wa bibi yako ndio mtamu. Ukiung'oa, kisamvu nitakula wapi?”

Kuhusu utamu sikuwa na ubishi, ana haki. Tukakubaliana avune lile eneo linalopakana nami mapema, mimi nimpe pingili mpya za kupanda pale, na ule wa bibi abaki na mistari michache kule nyuma ya jiko. Mazungumzo hayo yalifanya kazi kuliko bomba lolote.

Kisha ni kung'oa. Miezi mitatu ya kwanza napita mstari kwa mstari, na mche wenye dalili unatoka mzima na mizizi yake, unabebwa nje ya shamba, haukatwi ukaachwa uchipue tena. Vijana nyumbani hutumia programu ya Nuru kwenye simu, inapiga jani picha na kusema ugonjwa kwa Kiswahili hata bila intaneti. Ni nzuri, hasa kwa asiyezoea. Kwa michirizi mimi bado nainama.

Watu huniuliza kama aina yenye ukinzani haitoshi peke yake. Wakulima wa pamba wa Punjab, Pakistani, walisumbuliwa na kirusi cha kukunja majani kinachoenezwa na inzi weupe hawa hawa, wakapata mbegu kinzani, wakapumua. Mwaka 2001 kirusi cha aina nyingine kikazuka eneo la Burewala na ukinzani ule ukavunjika. Ndiyo maana nang'oa hata ndani ya Mkumba.

Sijamaliza ugonjwa. Wakati wa kuvuna bado nakuta mihogo yenye madoa, ila michache, na mzigo unauzika. Mche ninaotaka kuutoa mbegu naukata mihogo yake yote kwanza. Wenye doa, shina lake ni kuni hata liwe limenenepa vipi. Pingili zinazobaki nawapa majirani wa kitongoji. Anayekuja na baiskeli kutoka wilaya nyingine namwelekeza kwa mzalishaji aliyekaguliwa wa huko kwao.