Siku moja maishani mwangu: badminton ya dabo hapa Kisumu

Nacheza badminton ya dabo, yaani wawili dhidi ya wawili, upande wa wanawake, na hiyo ndiyo kazi yangu. Pesa za mashindano pekee hazitoshi kodi ya nyumba, kwa hivyo nafundisha watoto na kufunga nyuzi za raketi. Wengi hudhani dabo ni singo, mchezo wa mmoja dhidi ya mmoja, iliyogawanywa kwa watu wawili. Sivyo hata kidogo. Fuateni Jumanne yangu mjionee.

Saa 11 alfajiri

Mwenzangu ananisubiri stejini. Tunakimbia kuelekea ufuo wa Dunga kabla jua halijachoma, kisha tunaruka kamba. Uji wa wimbi, mayai, basi.

Saa 1 asubuhi

Ukumbi tunaotumia ni wa shule, na tunaupenda asubuhi kwa sababu ziwa bado limetulia. Kinyoya, kile tunachokipiga badala ya mpira, kina gramu 4.74 hadi 5.50 tu, manyoya 16 yaliyochomekwa kwenye kizibo, na upepo kidogo unatosha kukitoa njiani. Hata hivyo tunafunga madirisha yote. Joto tumelizoea.

Saa nzima ya kwanza ni ya sevu, kipigo cha kuanzisha pointi. Katika dabo uwanja unapanuka hadi mita 6.1, lakini kisanduku cha kupokelea kinakatwa sentimita 76 nyuma. Ukiinua sevu juu, mpokeaji anarudi hatua mbili tu na kukugongea chini kwa nguvu. Ndiyo maana tunaishi kwa sevu fupi. Kocha amefunga kamba juu ya wavu, na kinyoya sharti kipenye kati ya kamba na wavu kisha kitue karibu na mstari wa mbele. Nguzoni amebandika utepe mwekundu kwenye mita 1.15, kwa kuwa tangu 2018 sheria inataka kinyoya kizima kiwe chini ya kimo hicho unapokigonga. Nakishika unyoya mmoja kwa ncha za vidole, kidole gumba cha mkono wa raketi kimekaa bapa nyuma ya mpini, nasukuma bila kuzungusha mkono.

"Hiyo imepanda," anasema Kocha. "Rudia."

Narudia. Sevu yangu ikipanda, kipigo hakinirudii mimi, kinamwangukia mwenzangu aliyesimama nyuma yangu. Kwenye singo ungelipa mwenyewe.

Baada ya hapo tunajihami. Mwenzangu hutumia mkono wa kushoto, nami wa kulia, na hilo ni baraka inayohitaji kazi. Tukisimama ubavu kwa ubavu, yeye kulia na mimi kushoto, raketi zote mbili zinaelekea katikati na tunagombania kinyoya kimoja. Tukibadilishana pande, katikati kunabaki bekihendi mbili, vipigo vya nyuma ya mkono, na kila mmoja anamwachia mwenziwe. Kanuni yetu ni hii: aliye mkabala na mpigaji analinda mstari wake, aliye mshazari naye anachukua katikati. Kuijua kanuni ni dakika moja. Kuifuata kinyoya kikija kwa kasi, miguu imechoka na jasho liko machoni, kunataka miezi. Kwa hivyo tunapiga kelele: "Yangu!" "Acha!" Wapita njia hudhani tunagombana.

Saa 4 asubuhi

Tunaokota vinyoya na kuvichambua. Vizima vinarudi kwenye mkebe, vilivyovunjika unyoya mmoja ni vya mazoezi ya kurushiwa mfululizo, vilivyochakaa vinabaki kwa mazoezi ya miguu tu. Vinyoya vya bata bukini ni ghali, na hakuna kinachomaliza pesa zetu kama hivyo.

Saa 6 mchana

Kibanda cha samaki. Mama mwenyewe ananitazama na kusema, "Nyathina, mwanangu, umekonda," kisha ananiongezea ugali. Samaki wa ngege, mboga ya osuga, maji mengi.

Saa 7 mchana

Mashine ya kufunga nyuzi iko kwenye kona ya chumba changu. Leo kuna raketi tatu, mbili za wazee wanaocheza jioni, moja ya mwanafunzi anayetaka nyuzi zikazwe kwa ratili 28 kwa sababu amesikia mabingwa ndivyo wanavyofanya. Namshauri 24. Nyuzi zilizokazwa sana humsaidia mwenye mkono uliokomaa. Kwa anayeanza, kinyoya hakiendi na bega linauma.

Nikifunga, natazama video. Leo ni fainali ya Olimpiki ya Tokyo, Agosti 2021, Greysia Polii na Apriyani Rahayu wa Indonesia dhidi ya Chen Qingchen na Jia Yifan wa China. Kuna pointi ambayo Greysia anakimbia kando kubadilisha raketi, mchezo ukiendelea, na Apriyani anabaki peke yake kuulinda uwanja mzima mpaka mwenzake arudi. Walishinda dhahabu 21-19, 21-15. Hapo mwaka 2012, London, Greysia alikuwa miongoni mwa wachezaji wanane wa dabo walioondolewa mashindanoni kwa kutojitahidi kushinda. Alirudi na mshirika mwingine na akafika pale. Kila nikiiona pointi hiyo nasimamisha kazi.

Saa 9 alasiri

Makaratasi. Mchezaji hajiandikishi mwenyewe kwenye mashindano ya kimataifa, hupitia chama cha nchi yake, kwa hivyo naandikia chama barua pepe mapema kuhusu mashindano ya Kampala. Kwetu Kampala ni basi moja kupitia Busia, nafuu kuliko kupanda ndege.

Jambo ambalo watu hawalijui: katika orodha ya ubora ya dunia, pointi za dabo ni za jozi. Huhesabiwa matokeo 10 bora ya wiki 52, yenu wawili mkiwa pamoja. Mkiachana, kila mmoja anaanza na mshirika mpya kutoka chini. Mwenzangu amepata nafasi ya chuo Nairobi. Nimelijua hilo tangu wiki iliyopita na sijamuuliza neno, kwa sababu nataka asome.

Saa 10 jioni

Watoto. Upepo wa ziwani umeingia, milango imefungwa, ukumbi unachemka. Wanatumia vinyoya vya plastiki ambavyo havivunjiki upesi. Wavulana wawili wamegonganisha raketi na kila mmoja anamlaumu mwenzake.

"Kocha, kilikuwa chake!"

"Nani aliita?"

Kimya. Nawarudisha mstarini waanze tena, na safari hii kila kinyoya kiitwe kwa sauti, hata kilicho dhahiri.

Saa 1 usiku

Tunacheza na jozi ya wavulana wa chuo. Wana nguvu kutushinda, na ndicho tunachokitaka. Seti ya kwanza wanachukua 21-15. Ya pili tunawafunga 22-20 kwa sevu fupi na kuwanyima kinyoya cha juu. Ya tatu tunapoteza, lakini pointi za katikati hatukuachiana hata moja.

Tukifunga mabegi, yeye ndiye anayeanza.

"Dada, nimeuliza chuoni. Masomo yanaanza Septemba, na kuna klabu Nairobi zenye ukumbi."

"Na mimi?"

"Wewe ubaki hapa na watoto wako. Wikendi nije, au uje. Nairobi kuko juu, hewa ni nyepesi na vinyoya vinaruka mbali zaidi, tutahitaji vya mwendo wa polepole. Nimeshauliza bei."

Nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lingine. Tumekaa kwenye ngazi za ukumbi mpaka mlinzi akatuambia anafunga, tukipiga hesabu ya nauli, wikendi kwa wikendi, hadi Desemba. Inawezekana tukipata watoto wengine wanne wa kufundisha. Kesho asubuhi nitawapigia wazazi wawili walioniuliza mwezi uliopita, na barua ya Kampala itatoka ikiwa na majina yetu yote mawili.