Mfarishi umeisha, tukaenda nao ziwani

Jamani nimeumaliza! Ule mfarishi wa viraka nilioanza kushona baridi ilipoingia mwezi wa 6, Jumapili asubuhi nikakata uzi wa mwisho, basi tukajipakia wote kwenye gari hadi Lake Burley Griffin hapa Canberra, watoto na baiskeli zao, baba yao na soseji za kuchoma kwenye yale majiko ya umeme ya bustanini, mi na mfarishi wangu mapajani kama mtoto mchanga.

Pale kona kuna kiraka cha bluu, ni shati la shule la mwanangu mkubwa, doa la wino bado lipo na pindo lilikuwa nene mpaka sindano inakwama. Sikutaka kulitoa.

Na huku Australia hii kazi ina historia nzito sana. Wakati wa shida watu walishona mablanketi ya magunia ya unga na nguo kuukuu, wanayaita wagga. Halafu kuna mfarishi wa Rajah, wanawake wafungwa walioletwa kutoka Uingereza kwa meli iitwayo Rajah mwaka 1841 waliushona njiani kuja Tasmania, viraka zaidi ya 2,800, yaani baharini kule! Uko National Gallery of Australia, jumba la sanaa la taifa hapahapa mjini, ila hautolewi mara kwa mara maana mwanga unaharibu kitambaa, siku wakiutoa nitakuwa wa kwanza mlangoni.

Upepo wa ziwani ulipoanza kuuma mdogo akajifunika wote, akalala palepale kwenye nyasi.