Pistoni Zilizopanda Basi

Juzi kwenye foleni ya Ubungo mtoto wa kaka yangu kaniuliza: "Shangazi, mguu wa kushoto kazi yake nini?" Gari lenyewe otomatiki. Nikamjibu huo umepumzika tu, lakini mawazo yalishafika Ruaha Mbuyuni.

Ile Land Rover 109 ya Baba ilikufa klachi, kazi ya mguu huo wa kushoto, mle mle mbugani Mikumi, mahali ambapo huambiwi ushuke ukachungulie uvungu. Pedali ilizama mpaka sakafuni, oili ya breki ikawa inamdondokea kwenye kiatu. Baba hakujali. Tukisimama anazima injini, anaingiza gia ya kwanza, anapiga starta. Land Rover inaruka ruka, inawaka huku inatembea. Gia nyingine aliziingiza kwa kusikiliza mlio. Angefika hivyo hivyo Iringa, ila mbele kulikuwa na mlima Kitonga na malori yake, na hapo hata yeye aliingiwa na busara.

Fundi tulimpata Ruaha Mbuyuni, jirani na wauza vitunguu. Akafungua masta ya juu, ile pampu inayosukumwa na pedali, akatoa raba, akaiminya kwa vidole viwili. Imevimba, laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai. "Mzee, humu kuna mtu kajazia oili ya injini badala ya oili ya breki." Oili ya injini na raba za breki au klachi haviivi chungu kimoja. Akafungua masta ya chini, ile inayopokea oili na kusukuma klachi yenyewe, nako yale yale.

Raba mpya mpaka Iringa. Sote tulidhani atatuma zile mbovu ziwe sampuli. Fundi akakataa: zimevimba, wataleta saizi kubwa. Akafunga pistoni zenyewe, vile vyuma vinavyovishwa raba, kwenye gazeti, akamkabidhi kondakta wa basi pamoja na hela.

Baba akaja juu. "Kijana, raba ikipotea nanunua nyingine. Pistoni ikipotea mimi nahamia hapa?"

"Mzee, huyu kila siku anapita hapa. Atapitia wapi kwingine?"

Tukalala. Kesho yake mchana basi likapunguza mwendo, gazeti likarushwa dirishani, na ndani kila kitu kipo, hadi chenji.

Ikaja kazi ya kutoa upepo ulioingia kwenye oili. Baba alikuwa bado kasusa chini ya mbuyu, kwa hiyo nikapandishwa mimi, nikakaa ukingoni mwa kiti, nimeng'ang'ania usukani. Bati la sakafu lilikuwa limeng'olewa, namwona fundi kalala chali chini, spana mkononi, mpira mwembamba umetoka kwenye nipeli, kile kitundu cha kutolea upepo, ukazama kwenye chupa ya soda yenye oili kidogo.

"Kanyaga, kanyaga, kanyaga, shika! Usiachie mpaka niseme, binti. Ukiachia mapema inavuta upepo tena."

Pedali haikuwa na uzito wowote. Ikienda chini hairudi, naichota kwa vidole vya mguu. Nikishika, anafungua nipeli, chupa inachemka povu jeupe, anafunga, ndipo "achia!" Tena. Tena. Paja likaanza kutetemeka. Povu likageuka mapovu makubwa, kisha moja moja, kisha oili safi tupu. Nikakanyaga kama nilivyozoea, na safari hii pedali ikagoma katikati. Nikaongeza nguvu, ikanisukuma na mguu wangu. Nikapiga kelele. Fundi akacheka mpaka oili ikamwingia sikioni.

Kitonga tuliipanda nyuma ya lori la mbao, Baba anabadilisha gia hata pasipo haja.

Kilichobaki ni ule mpira unaopeleka oili masta ya chini. Nao ulishakunywa oili ile ile, na wa kubadilisha haukupatikana. Fundi aliusafisha kwa oili mpya ya breki, akaapa hautamaliza mwezi. Baba aliuza gari miaka mingi baadaye, mpira ni ule ule. Sijui fundi alitutisha au tulibahatika. Ukimuuliza Baba, anakwambia aliuza kwa bei ya hasara, basi.