Bustani ya vipepeo tuliyoipanda shuleni, Gede

Shule ninayofundisha iko Gede, pwani ya Kenya, jirani na msitu wa Arabuko-Sokoke. Tangu 1993, wakulima wa kandokando ya msitu huu wamekuwa wakifuga vipepeo na kuuza pupa (kiwavi aliyejifungia kabla hajawa kipepeo) ng'ambo kupitia mradi wa Kipepeo. Kwa hiyo nilipotaka kupanda bustani ya mimea ya asili, niliwafuata wafugaji hao nikawauliza: kiwavi anakula nini? Kipepeo hunyonya maua ya namna nyingi, lakini kiwavi wake huchagua mno. Akikosa jani lake, hufa.

Nilianza na mjafari, ule mti wa miiba ambao wazee wetu huutumia kwa dawa. Ni wa jamii moja na mlimao, na kipepeo mmoja mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano hutaga juu yake. Kiwavi wake mchanga hufanana kabisa na kinyesi cha ndege. Akikua huwa kijani, na ukimgusa huchomoza pembe mbili za rangi ya chungwa zenye harufu kali. Watoto hawasahau! Kupanda kulikuwa rahisi. Kazi ilikuwa kuwazuia watu wazima wasipulize dawa majani yalipoanza kuliwa. Mzazi mmoja aliniambia, "Mwalimu, mti wako unaugua." Nikamsogeza karibu, nikamwonyesha yai, kisha kiwavi, kisha pupa aliyening'inia kwenye kijiti. Tangu siku hiyo, kila mgeni namwanzishia kwenye majani yaliyotoboka. Maua yatangoja.

Kivumbasi hujaa nyuki, na mshubiri ukichanua huwaita ndege aina ya chozi. Hivyo viwili havihitaji mwalimu.

Kwenye ua tumetambaza mikarakara (mipasheni) ya matunda ya manjano. Asili yake ni Amerika ya Kusini, lakini nimeiweka makusudi. Maua yake hufunguka mnamo saa sita mchana, na shina moja haliwezi kujichavusha, ndiyo maana tulipanda mashina yaliyotokana na mbegu mbalimbali. Wanaobeba chavua ni wale nyuki wetu wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Wanafunzi hufunika baadhi ya maua kwa kipande cha chandarua kabla hayajafunguka, mengine huyaacha wazi. Yaliyofunikwa hunyauka na kudondoka. Ya wazi hushika matunda. Mkulima akishaona hivyo, namwonyesha gogo kavu tulilolilaza pembeni, lenye matundu ambamo nyuki hao huzaliana. Wengi wetu magogo kama hayo tunayatia motoni kila tunaposafisha shamba.

Anayetaka kuanza, aanze na kivumbasi: mbegu zake huota upesi mvua zikishika. Mjafari uwekwe mbali na njia ya watoto kwa sababu ya miiba. Miche isichimbwe msituni. Yetu tuliipata kwenye mipaka ya mashamba ya wazazi, na masika haya tunawagawia wanafunzi waipeleke nyumbani.