Katuni ya Liemba, wiki ya sita: maneno yakae wapi?

Ukurasa wa nne umenikwamisha siku tisa. Ni ule wa Julai 1916, Wajerumani wanaizamisha Liemba kwenye Ziwa Tanganyika, meli yao wenyewe, wakati huo ikiitwa Graf von Götzen, adui asiipate. Kabla ya kuizamisha mafundi waliipaka mitambo grisi nene isiliwe na kutu. Nilichora fundi na kopo lake, chini nikaandika: "Fundi anapaka mitambo grisi." Nikampelekea mama mdogo pale Kibirizi, Kigoma, kwenye dagaa zake. Akatazama, akaniuliza, "Mwanangu, mbona unaniambia ninachokiona?"

Nikarudi kusoma. Rodolphe Töpffer, mwalimu wa Geneva, alichapa hadithi zake za picha miaka ya 1830, mwandiko wake ukiwa chini ya kila mchoro. Nilikuwa namwiga, kumbe nimeiga mpangilio tu. Kwake maneno na picha vinategemeana. Ondoa kimoja, kingine kinapwaya. Halafu kuna Richard Outcault, mchora katuni wa magazeti ya New York. Maneno ya mtoto wake wa katuni aliyaandika kwenye kanzu ya njano ya mtoto mwenyewe, hadi Oktoba 1896 alipompa kiputo, ule mduara wa maneno unaomtoka mhusika mdomoni. Viputo vilikuwepo zamani, wachora vikaragosi wa Uingereza walivitumia karne ya 18, lakini kwenye katuni za magazeti ndipo vilipokolea: mhusika akawa anasema mbele yako, si kusimuliwa.

Jibu lenyewe lakini nililipata kwa mama mdogo yule yule, alipokuwa anajifunga kanga. Mjini, yaani katikati ya kanga, kuna mchoro wa korosho, pindo limezunguka, na jina, yale maneno yaliyoandikwa chini yake, halitaji korosho hata kidogo; linamsuta mtu! Nimezaliwa ndani ya kanga, nimebebwa nayo, na sikuwahi kuiona kama picha yenye maneno. Kila mwanamke wa hapa anajua kusoma vitu hivyo viwili kwa pamoja.

Basi nimefuta. Fundi amebaki na kopo lake, uso nimeuchora upya, anaitazama injini kama anayeaga. Chini nimeandika: "Ilikaa majini hadi 1924." Miaka minane haichoreki kwenye kisanduku kimoja, hiyo ndiyo kazi ya maneno. Kisanduku cha meli kuzama hakina neno lolote.

Ukurasa wa tano nimeanza jana. Waingereza wameiinua, mkono mmoja unafuta grisi, na chini yake chuma kinang'aa. Kiputo nimeshakichora, bado kitupu.