Mchango wa Kumbukumbu Si Mchango wa Matanga

Mombasa haijapata kushindwa kuchanga pesa za msiba. Mtu akifariki usiku huko Majengo au Kisauni, alfajiri kundi la WhatsApp limeshafunguliwa, mshika fedha ameshateuliwa bila ya kupigiwa kura, na kufikia adhuhuri sanda, gari na chakula cha wageni waliotoka Lamu au Malindi vimeshalipiwa. Hakuna anayedai hesabu kwa undani, kwa sababu kazi yenyewe inaonekana kwa macho na kwa kawaida huisha siku hiyo hiyo. Ni utaratibu mzuri, na aliyewahi kufiwa anajua thamani yake. Lakini tangu mtaa wetu uanze kuchangia uwanja wa skeiti (mchezo wa kuteleza kwa ubao wenye magurudumu) wa kumkumbuka kijana wetu aliyegongwa na gari, nimekuwa nikishikilia ndani ya kamati, na sasa nashikilia hapa, kwamba mchango wa aina hii hauwezi kuendeshwa kwa mwendo wa matanga.

Kijana mwenyewe sitamtaja jina, kwa kuwa mamake ameomba iwe hivyo mpaka siku ya kuweka jiwe la msingi. Itoshe kusema kwamba alikuwa akiteleza kwa ubao wake jioni, kando ya barabara kuu, mahali pasipokuwa na njia ya waendao kwa miguu. Wenziwe wengi hutumia viatu vya magurudumu kuliko ubao, na baadhi yao hushika nyuma ya matatu au lori ili wavutwe, jambo ambalo kila dereva wa mji huu ameliona na kulilaani. Wengine huenda Mama Ngina, ambako tangu ufuo ule ukarabatiwe mwaka 2019 kuna sakafu pana iliyonyooka. Lakini pale ni mahali pa familia na wauza mihogo na madafu, na mtoto wa miaka mitatu hajui kumpisha mtu anayekuja kwa kasi. Kuwaambia vijana hawa waache mchezo ni kupoteza maneno. Wanaona kwenye simu zao kwamba mchezo huu uliingizwa katika Olimpiki za Tokyo mwaka 2021, na kwamba dhahabu ya kwanza ya wanawake ilichukuliwa na Momiji Nishiya wa Japani akiwa na umri wa miaka 13.

Aliyeleta wazo la uwanja alikuwa mmoja wa vijana hao. Alitusimulia habari za Tyre Nichols, mpenzi wa skeiti aliyekulia Sacramento, ambaye Januari 2023, akiwa na miaka 29, alifariki siku tatu baada ya kupigwa na polisi mjini Memphis, Marekani. Familia yake ilipofungua mchango mtandaoni ilitaja, miongoni mwa makusudio yake, kujenga uwanja wa skeiti wa kumkumbuka. Baadhi ya wazee wetu walisita kusikia hivyo, kwani walizoea kwamba marehemu hukumbukwa kwa hitima, kwa kisima au kwa mikeka ya msikiti. Mzee mmoja ndiye aliyeyamaliza mabishano kwa kuikumbusha ile hadithi ya Mtume isemayo kwamba mwanadamu akifa amali zake hukatika isipokuwa kwa mambo matatu, na mojawapo ni sadaka yenye kuendelea. Kisha akauliza ni kwa nini mahali panapowaondoa watoto barabarani pasihesabiwe kuwa sadaka ya namna hiyo. Hakuna aliyemjibu, na mimi sioni jibu lingeweza kuwa gani.

Mzee yule, pengine bila kukusudia, alitupa pia njia ya kuuendesha mradi. Mji huu una uzoefu wa muda mrefu wa wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya kheri, na ndiko iliko ofisi ya Tume ya Wakfu. Anayeweka wakfu hutaja mali, humtaja msimamizi wake, na hutaja watakaonufaika. Wakfu usio na msimamizi tumeuona ukigeuka duka la mtu. Uwanja wetu hautaandikishwa kuwa wakfu, kwa sababu utakuwa wa vijana wa dini zote na tunataka uwe juu ya ardhi ya umma, lakini mpangilio wa wakfu unatufaa: kwanza ardhi, pili msimamizi, halafu pesa. Sisi tulianza na pesa.

Ardhi ndiyo penye kazi. Mombasa ni mji ambao mtu anaweza kumiliki nyumba na asimiliki kiwanja iliposimama, akilipa kodi ya ardhi kwa mwenyewe mwaka baada ya mwaka, na akaja kuamka siku moja akaambiwa kiwanja kimeuzwa. Wengi katika kamati yetu wamelelewa katika nyumba za namna hiyo, na bado kulikuwa na waliotaka tukubali ruhusa ya mdomo ya mtu aliyejitolea kutupa sehemu ya kiwanja chake. Nilipinga, na ninaendelea kupinga. Nyumba ya udongo na makuti inaweza kubomolewa na baadhi ya vifaa vyake vikaokolewa. Zege likishamwagwa halihami. Katiba ya Kenya, katika kifungu cha 62, inaiweka sehemu ya ardhi ya umma mikononi mwa kaunti kwa niaba ya wakazi, ikisimamiwa na Tume ya Taifa ya Ardhi, na sheria ya mipango ya mwaka 2019 inataka ujenzi upate kibali cha kaunti. Njia hiyo ni ndefu na ina ofisi nyingi, lakini mwisho wake kuna karatasi, na karatasi hiyo ndiyo itakayotukinga na mnyakuzi, ambaye hupenda sana kiwanja kilichokwisha kusawazishwa na watu wengine.

Kuhusu ujenzi wenyewe, nimeona watu wengi wakichangia bila kujua wanachangia nini, kwa hivyo nitaeleza kidogo. Sakafu ya mita 20 kwa 15, yenye unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 30 za zege. Kwa makadirio ya kawaida ya mifuko saba ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo, hiyo ni mifuko 210, kabla ya kuhesabu kokoto, mchanga, nondo, fundi, na kabla ya kuinua rampu, yaani mteremko wa kuchezea, hata moja. Rampu ndizo zenye ustadi: zege lake lazima lipindwe kwa mviringo usio na kovu, kwa kuwa magurudumu ya ubao ni madogo na magumu, na ufa ambao baiskeli haiuhisi humrusha mchezaji kifudifudi. Mchanga wa pwani, ambao kila mara hutokea mtu wa kutushauri tuuchote bure, una chumvi inayokula nondo. Chuma kikishika kutu huvimba na kulipasua zege kutoka ndani. Na jua letu likiachwa likaushe zege kwa haraka, sakafu huchanika juu kabla haijapata nguvu, ndiyo maana ni lazima ifunikwe magunia na kumwagiliwa maji kwa wiki nzima, bila kuruka siku. Yote haya yanawezekana. Kitintale, mjini Kampala, walijenga uwanja wao mwaka 2006, na Nairobi kuna ule wa Shangilia uliojengwa kwa msaada wa skate-aid, shirika la Ujerumani.

Sasa pesa. Mchango wa matanga hupata nguvu kwa sababu una saa yake: maiti hangoji. Uwanja hauna saa, na kwa hivyo kila mtu huahidi mwezi ujao. Ninachopendekeza ni kiasi kidogo cha kila mwezi kutoka kwa watu wengi, kwa muda mrefu. Kumtumia mtu shilingi 100 au pungufu kwa M-Pesa hakuna ada, na hilo huwavutia watu kutuma moja kwa moja kwa simu ya mshika fedha. Lakini pesa za umma zikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, hata awe mcha Mungu namna gani, fitina haichelewi, na tena akaunti ya kawaida ya M-Pesa haiwezi kushika zaidi ya shilingi 500,000. Bora tujiandikishe kwa sheria ya vikundi vya kijamii ya mwaka 2022, tufungue akaunti ya benki yenye sahihi tatu na namba ya kulipia, na taarifa ya benki ibandikwe ukutani penye baraza kila mwisho wa mwezi, ili hata asiye na simu ya kisasa aisome.

Wapo wanaotaka tufanye harambee moja kubwa yenye mahema, kipaza sauti na mgeni rasmi. Mimi sitaki. Rais William Ruto mwenyewe, Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, aliwakataza maafisa wa serikali kushiriki katika harambee. Lakini hata bila katazo hilo, mgeni rasmi huja na bahasha yake na jina lake, na mama wa marehemu ataketi kwenye hema akisikiliza kampeni. Mtu huyo akitaka kusaidia, namba ya akaunti anayo.

Jambo jingine linalonikera ni ahadi tunazoandika kwenye barua za kuomba msaada, kwamba uwanja utamaliza mihadarati na magenge. Hautamaliza. Utawapa vijana mahali pa kuanguka bila ya kukanyagwa na lori, na kwa mchango wa mia mia hiyo ni thamani ya kutosha. Tukiahidi zaidi, siku kijana mmoja atakapokamatwa karibu na uwanja watu watasema mradi umeshindwa.

Na msimamizi? Hapa ndipo kamati ilipokwama, kwa sababu hakuna anayependa kuchangia mshahara wa mtu wa kufagia mchanga na kufunga lango. Bila yeye, mchanga unaopeperushwa na upepo wa kusi utazifanya rampu ziteleze vibaya, na watu wataanika nguo au kuegesha bodaboda. Yeye ndiye atakayetunza mbao na kofia za kuazima, ndiye atakayesimamisha mchezo adhana inapoadhiniwa, na ndiye atakayelinda zile saa za wasichana ambazo baadhi ya kina mama wamezifanya sharti la kutoa mchango wao, sharti ambalo mimi naliona la haki. Nimependekeza kwamba katika kila shilingi 10 zinazoingia, mbili ziwekwe kando kwa ajili yake tangu sasa. Wengi wanasema ni mapema mno. Mama wa kijana, ambaye huzungumza mara chache vikaoni, aliniunga mkono.

Barua ya kuomba kiwanja imeshapelekwa kaunti. Mpaka jibu la maandishi lipatikane, hakuna mfuko wa saruji utakaonunuliwa, kwa kuwa saruji hugandia kwenye mifuko kwa unyevu wa huku. Na kibali kikitoka karibu na masika, tutangoja mvua zipite ndipo tuchimbe. Waliokwisha kuchanga na hawataki kungoja kiasi hicho wamwone mshika fedha warejeshewe chao, bila lawama.