Kitanda kinachotazama vilima

Jana nilifika Hospitali ya Butaro, kaskazini mwa Rwanda, kumwona shangazi anayetibiwa saratani. Nimeuguza wengi, lakini wodi kama hii sijapata kuiona. Vitanda havikuegemezwa kwenye kuta za nje; vimepangwa katikati, vichwa vikielekea kiukuta kifupi, hivyo kila mgonjwa anatazama dirisha kubwa na vilima vya kijani. Korido ziko nje, penye hewa, maana wabunifu wa MASS Design Group walitaka kuzuia wagonjwa wasiambukizane kifua kikuu ndani. Na zile kuta za mawe ya volkano! Zimechongwa na mafundi wa huku huku. Hospitali ilifunguliwa 2011, kituo cha saratani 2012.

Shangazi akaniambia, "Dawa ikinichosha, nahesabu mashamba kule ng'ambo." Tukayahesabu pamoja mpaka jioni.